Barua ya mjomba aliyefia vitani haisemi yale tuliyosomewa: je, niwasomee ipi?

Mama Mshauri, shikamoo.

Mimi ni mwalimu wa shule ya sekondari mwenye umri wa miaka 34, na ninakuandikia kuhusu barua ya karatasi mbili ambayo imeninyima usingizi kwa wiki ya tatu sasa.

Bibi yangu mzaa mama anaishi Newala, katika kiwanja kile kile alichozalia watoto wake, na umri wake unakaribia miaka 90. Mwanawe wa kwanza alikuwa ofisa wa jeshi mwenye cheo cha luteni usu, na alikuwa na miaka 23 alipokwenda katika Vita vya Kagera. Hakurudi. Alifariki mwezi wa Aprili mwaka 1979, siku chache kabla ya Kampala kutekwa, na amelazwa katika makaburi ya mashujaa ya Kaboya, mkoani Kagera. Bibi hajawahi kufika huko, kwa kuwa kutoka kwetu hadi Kaboya ni kuivuka nchi nzima kutoka pembe moja hadi nyingine.

Habari za kifo zililetwa na maofisa wawili. Wiki kadhaa baadaye, watu wakiwa bado wanakuja kuhani, ikafika barua yake aliyoiandika tarehe 4 Machi. Bibi hajui kusoma. Aliyemsomea alikuwa mdogo wa marehemu, ambaye ni mjomba wangu, naye wakati huo alikuwa na miaka 13 na yuko shule ya msingi. Alisoma akiwa amesimama, wanawake wamekaa mkekani. Baada ya hapo barua ilifungwa katika kipande cha kanga na kuwekwa chini kabisa ya sanduku la bati, na haikutolewa tena. Sisi wajukuu tunaijua kwa sababu Bibi ameishika kichwani, na kila palipo na mkusanyiko huitamka kwa kituo kama mtu anayesoma. Maneno tunayoyapenda zaidi ni haya: “Mama, nisiporudi usilie, simama wima, kwani umezaa shujaa.” Kisha hufuata: “Mwambie mdogo wangu awe hodari kama mimi.”

Mwaka huu ukoo umeamua kukutana Newala tarehe 25 Julai, Siku ya Mashujaa, kumsomea marehemu dua na kumpa Bibi heshima yake angali hai. Binamu yangu, ambaye ni mwenyekiti wa kamati, ameagiza fulana 60 zenye maneno “Umezaa Shujaa” mgongoni, na fundi ameshalipwa malipo ya awali. Mimi nilipewa kazi ya kuiandika barua upya kwa kompyuta, ili isomwe mbele ya wageni na kutumwa kwa kila mtu kwenye simu. Bibi alikubali nikaifungue. Mama Mshauri, maneno yale hayamo.

Barua inaanza kama tunavyoijua: “Mama yangu mpendwa, shikamoo. Baada ya salamu nyingi, natumaini kwamba u mzima wa afya pamoja na wote hapo nyumbani. Mimi huku ni mzima, wasiwasi wangu ni juu yako tu.” Anauliza kama palizi imekwisha, na kama bado wanateremka bondeni kufuata maji au bomba limetengenezwa. Hadi hapo ni sawasawa na anavyosema Bibi. Baada ya hapo mambo yanakuwa mengine. Ameandika: “Nimepewa vijana thelathini. Nasema vijana, lakini wako wenye watoto wakubwa, ni mgambo, nao wananiita afande, nami naona haya. Usiku nazunguka gizani nikiwahesabu kwa kuwagusa mabega. Mvua hainyamazi na buti hazikauki. Mama, naogopa, na sijamwambia mtu mwingine ila wewe.” Mbele kidogo: “Kuna mji tuliukuta una nyumba nzuri za ghorofa, na sasa hazipo. Nduli alianza yeye, najua. Lakini nyumba zile zilikuwa za watu.” Na karibu na mwisho: “Mdogo wangu asije akanifuata huku, hata wakija kijijini na tarumbeta. Asome. Nakuomba sana, Mama, asome.”

Nilimwonyesha binamu yangu picha ya barua. Alisema niandike maneno tunayoyajua, na karatasi yenyewe tukaipitishe kwenye mashine ya kuwekea plastiki ili itundikwe ukutani kwa mbali, ambapo hakuna atakayesoma. Habari za nyumba zilizovunjwa, anasema, zitamfedhehesha marehemu. Mama yangu amesema tu, “Mwache mama yangu na barua yake.” Mjomba sijamwambia. Ni mwalimu mstaafu, mtu mkimya mno, na hata utani wa Bibi huupokea kwa kuinamisha kichwa. Bibi humtania katika kila sherehe kwamba kaka yake alimwachia wosia wa kuwa hodari, naye akakimbilia chaki siku waandikishaji wa jeshi walipokuja. Nikimtazama sasa ninapata hasira, kwa sababu ametulisha uongo maisha yetu yote. Je, nisome barua ipi? Na nimkabili mjomba mbele ya kikao cha ukoo, au ninyamaze?

Mjukuu wa Newala

*

Marahaba, mwanangu.

Lililo jepesi nilimalize kwanza. Usiiandike kwa kompyuta barua ambayo haikuandikwa, ukaweka chini yake jina la marehemu na tarehe 4 Machi 1979. Maneno yanayokaa katika kumbukumbu ya mama mzee ni mali yake, na hakuna mwenye haki ya kumdai ushahidi. Lakini yakishapigwa chapa na kutumwa kwenye simu 60 yanageuka hati, na wajukuu wa wajukuu watayachukua kama mkono wa marehemu mwenyewe. Kazi hiyo ikatae kwa adabu. Mwambie binamu yako kwamba hutaandika chochote hadi wenye barua watakaposema, na wenye barua ni wawili tu: Bibi na mjomba wako.

Sasa tuje kwa mjomba, maana nadhani umemsoma vibaya.

Umeniandikia mambo mawili ukayaacha yakae mbalimbali. La kwanza ni kwamba marehemu aliomba mdogo wake asiende jeshini bali asome. La pili ni kwamba mdogo huyo hakwenda jeshini, alisoma, akawa mwalimu hadi akastaafu, na kwa muda wote huo mama yake amekuwa akimsuta, kwa utani lakini amemsuta, kwa wosia ambao yeye mwenyewe ndiye aliyeutunga akiwa na miaka 13. Yaweke pamoja uone. Katika ukoo wenu mzima ni yeye peke yake aliyejua maneno ya kweli, na ni yeye peke yake aliyeyatekeleza. Kila Bibi anaposema “awe hodari kama mimi” na watu wakacheka, mtu aliyetii barua hukaa hapo kama aliyeikaidi, na hawezi kujitetea bila kumwambia mama yake kwamba sentensi anayoipenda kuliko zote haikutoka kwa mwanawe aliyekufa. Wewe umekosa usingizi wiki tatu. Yeye hesabu yake inaanzia mwaka 1979.

Wala usiuite uongo hivi hivi. Mimi nilikuwa mtoto wa shule miaka hiyo, na nilikuwa msomaji wa barua wa mtaa wetu. Wazazi wengi walikuwa hawajui kusoma, kwa hiyo mtoto aliyesoma vizuri aliitwa kila nyumba bahasha ilipofika, na hakuna aliyetufundisha la kufanya tukikutana na neno lisilosemeka mbele ya watu. Nami niliwahi kuruka mistari. Kulikuwa na mume mmoja aliyemwandikia mkewe kwamba hatarudi tena, nami nikasoma kwamba atachelewa. Yule mama alisubiri muda mrefu, na hadi leo sijui kama nilimtendea wema. Mjomba wako alikuwa na balaa kubwa zaidi: msiba haujapoa, wanawake wote wanamtazama yeye, na katika karatasi kaka yake aliyekwisha kuzikwa anasema kwamba anaogopa. Alitakiwa aamue katika muda wa kuvuta pumzi.

Hata chanzo cha maneno aliyoyatia kinakisika. Majeshi ya Idi Amin wa Uganda, yule Nduli wa barua, yalivuka mpaka mwishoni mwa Oktoba 1978, yakaikalia ardhi yetu iliyo kaskazini ya Mto Kagera, na daraja la Kyaka likavunjwa. Tarehe 2 Novemba Mwalimu Nyerere alilihutubia taifa akasema kwamba uwezo wa kumpiga tunao, sababu tunayo na nia tunayo, na tangu hapo, hadi vita vilipokwisha mwezi wa Juni mwaka uliofuata, redio ilikuwa na nyimbo, salamu za mashujaa na habari za michango ya ng’ombe na nafaka kutoka kila mkoa. Mtoto wa miaka 13 aliyelala na kuamka na sauti hiyo, akilazimika kutunga papo hapo, angetunga nini kama si “umezaa shujaa”? Hiyo ni sentensi ya redio. Soma tena “buti hazikauki” na “nikiwahesabu kwa kuwagusa mabega,” nawe utamsikia kijana aliyesimama kwenye mvua.

Hapo ndipo ninapotofautiana na binamu yako kuhusu fedheha. Tarehe ya barua inatosha kutuambia habari ya zile nyumba za ghorofa. Huko Uganda, Masaka ilitekwa tarehe 24 Februari 1979 na Mbarara ikatekwa siku hizo hizo. Siku nane baada ya Masaka ndipo marehemu alipoketi kuandika. Katika miji hiyo majengo mengi yalibomolewa, mengine kwa mizinga na mengine kwa baruti baada ya mapigano kwisha, na waliofanya hivyo walikuwa wameyaona ya Kagera: raia waliouawa, ng’ombe walioswagwa, kiwanda cha sukari kilichoporwa. Hasira yao ilikuwa na sababu. Mwalimu mwenyewe hakuridhika, na aliamuru kwamba raia wa Uganda na mali zao wasiguswe. Kwa hiyo luteni usu wa miaka 23, akiwa katikati ya jeshi linaloshinda, aliyemwandikia mama yake kwamba nyumba zile zilikuwa za watu, hakujifedhehesha hata kidogo. Ingekuwa ni mwanangu, sentensi hiyo ndiyo ningeitaka niizeeke nayo. Lakini mimi si mama yake.

Sikushauri umkabili mjomba kikaoni. Huko kutakuwa na watu wa kumtetea, watu wa kumlaani na mtu mmoja au wawili wenye simu za kupiga picha, na Bibi atazipata habari za barua yake kwa kelele za ukumbi. Nenda kwake peke yako, asubuhi, wakati ambapo hana wageni. Usiende na picha kwenye simu. Nenda na karatasi zenyewe, na umwombe Bibi ruhusa kabla ya kuzitoa nyumbani kwake, hata kama ni kwa saa moja tu. Mpe mjomba mkononi na useme, “Mjomba, niliambiwa niiandike upya hii, nimeona nikuletee wewe kwanza.” Kisha nyamaza. Usimwambie kwamba unajua, kwa kuwa atakapoiona imefunguliwa atajua kwamba unajua. Usimuulize kwa nini. Ikiwa atasema jambo, msikilize hadi mwisho. Ikiwa atakurudishia bila kusema, ipokee, umuage, urudi siku nyingine. Pengine tangu siku ile ya mkekani hajapata kuuona tena mwandiko wa kaka yake, naye ana haki ya kuusoma bila kusailiwa na mtoto wa dada yake.

Akishakuwa tayari, swali linalobaki ni la kwake kwa mama yake, na ni yeye wa kuliuliza. Si lazima aanze kwa kukiri. Anaweza kukaa karibu na Bibi na kusema, “Mama, ile barua niliisoma nikiwa mdogo na kuna mahali niliruka. Ungependa nikusomee tena?” Hapo Bibi anabaki na mlango wake mkononi. Anaweza kuufungua, na anaweza kusema kama wazee wengi wasemavyo, kwamba imekwisha kusomwa, na hilo likawa jibu kamili ambalo nyote mtaliheshimu.

Kuna jambo jingine nataka ulifikirie kabla hujaamua kwamba Bibi atavunjika moyo. Umeandika kwamba hajui kusoma. Nani alikuambia? Mwaka 1970 ulikuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na katika miaka iliyofuata madarasa ya kisomo yalifika vijijini nchi nzima. Kina mama walikaa chini ya miembe na madaftari baada ya shamba, na wengi waliojifunza kusoma pole pole hawakupata kujitangaza kuwa wasomaji. Sisemi kwamba Bibi aliisoma. Nasema kwamba hata kama hakujua herufi moja, alikuwa anamjua mwanawe, anajua namna alivyokuwa akisema, na alikuwa akimtazama usoni mtoto wa miaka 13 aliyesoma huku sauti ikimkwama. Huenda miaka yote hii mama na mwana wanafichana jambo ambalo kila mmoja analijua. Huenda pia hajui lolote. Ndiyo maana nataka aulizwe, asiamuliwe.

Ikiwa atakubali kusomewa, basi isomwe yote, bila kuruka, na wawepo wawili hao tu, pengine na mama yako, ambaye neno lake la kumwachia mama yake barua yake nimelipenda. Wewe usiwepo, labda uitwe. Baada ya hapo Bibi ndiye atakayesema wageni wasomewe nini. Asipotaka kusomewa, au mjomba asipoweza kumuuliza kabla ya Julai, bado mna la kusoma siku hiyo: mwanzo wa barua, kuanzia shikamoo hadi “wasiwasi wangu ni juu yako tu,” pamoja na palizi na maji ya bondeni. Hayo yako katika karatasi na yako katika kumbukumbu ya Bibi, neno kwa neno. Vijana wa leo wanacheka salamu ndefu za barua za zamani, lakini mtu aliyelowa, mwenye roho thelathini mikononi, aliyeuliza kwanza habari za palizi ya mama yake, anasomeka mbele ya mgeni yeyote.

Kuhusu karatasi yenyewe, usikubali mashine ya plastiki hata kama kamati nzima itapiga kura. Joto lake huiharibu karatasi, gundi yake haibanduki, na nimeona zaidi ya barua moja iliyogeuka kahawia ndani ya plastiki hiyo huku wenyewe wakiitazama. Usiibandike kwa gundi ya utepe pale ilipochanika kwenye mikunjo. Ipige picha pande zote, karibu na dirisha, kwenye kivuli, bila taa ya kamera, na nakala zikae kwa watu watatu tofauti. Kisha ikunjue taratibu, ilaze kati ya karatasi mbili nyeupe safi, uitie katika bahasha kubwa, na uirudishe katika sanduku lile lile la bati, juu ya nguo badala ya chini, pasipofika unyevu wala mchwa. Kipande cha kanga kisitupwe. Kama Bibi akitaka kuendelea kuifungia humo, basi ifungwe humo humo, na bahasha ibaki kwa nakala. Ni sanduku lake.

Binamu yako atalalamika kuhusu fulana. Marehemu alikuwa na jina, alikuwa na cheo, na amelala Kaboya. Hayo ni kweli tupu na yanaenea mgongoni. Mpigie fundi simu leo hii, kabla hajaanza kuchapa.